Kanini wa Chaka na Visu Vyake vya Kukunja

Pale Chaka watu wanamjua Kanini kwa mambo mawili: miche ya avokado isiyokufa, na visu vya kukunja. Kitalu chake kiko kando ya barabara ya Nanyuki. Utamkuta kwenye kiti cha plastiki, mche mapajani, anachanja shina, anaingiza kikonyo cha mti mzazi, anafunga na nailoni, basi. Kazi hiyo ameifanya tangu mwanawe Gathogo akiwa mgongoni, na Gathogo sasa ana mvi.

Kisu chake cha kwanza alipewa na nyapara wa shamba la kahawa. Kilikuwa cha kiwandani, mpini wa mti wa manjano, na shingoni kilikuwa na pete ya chuma. Ukiizungusha, bapa halijikunji. Alikipenda, akaanza kukitafutia ndugu zake katika mitumba ya Kutus na kwa watu waliotoka safari za ng'ambo. Wanawake wenzake walipokuwa wakinunua vikombe vya kupanga kabatini, yeye alipanga visu.

"Mama Gathogo, visu vyote hivi unataka kuchinja nani?"

"Anayeuliza sana."

Ladha yake iligeuka siku alipokwenda Nanyuki kununua samadi ya mbuzi kwa Hersi, mfanyabiashara wa mifugo. Alimkuta akimenya chungwa kwa kisu kilichotengenezwa na mpwa wake, Abdihakim, kutokana na springi ya lori. Kanini akakiomba, akakifungua. Kililia mara moja tu, tak, kama mlango wa benki. Tangu hapo vile vya kiwandani akaviona kama watoto wa shule waliovaa sare: hujui huyu ni wa nani. Akavigawa kimoja kimoja, na kabati likajaa vya Abdihakim, kila kimoja na sura yake. Kilichobaki ni kile cha pete. Kikawa cha kukatia nailoni, kikalala ndani ya kiondo chake, wala hakuna aliyekihesabu tena.

Ndipo mjukuu wake Nyawira akapata mchumba, Samuel Wasike, kijana wa Bungoma aliyekulia Nyeri mjini ambako baba yake alikuwa mwalimu. Siku ya ngurario, ndoa yenyewe ya kienyeji, bwana harusi hukata kiande cha mbuzi wa kuchoma, yaani mguu wa mbele, mbele ya koo zote mbili. Akikikata vizuri, ameoa. Akihangaika nacho, atapewa jina ambalo hata wajukuu wake watalisikia. Kanini alitangaza mapema kwamba kiande kitakatwa kwa kisu chake.

Shemeji yake Mugo, ndiye mwenye kuongoza sherehe, akacheka. "Visu vyako si vya kuangalia tu, kama picha ya harusi?"

"Utaviangalia vikikata."

Akaenda kwa Abdihakim kuagiza kisu cha mpini wa mfupa wa ngamia, uliosuguliwa mpaka uone uso wako.

"Mama, hii mfupa ikishikwa na mafuta itateleza. Wacha niichore mistari kidogo."

"Usinichoree kisu kama gurudumu. Nataka king'ae, walio mwisho wa hema wakione."

"Haya. Ni kisu yako, mama."

Siku ikafika. Kisu kiling'aa kweli, watu wakanyoosha shingo. Samuel akashika mguu wa mbuzi unaochuruzika mafuta, akabonyeza. Mkono ukateleza. Akajipangusa, akabonyeza tena, na mara hii bapa likaanza kujikunja kuelekea vidole vyake. Akakiachia kikaanguka juu ya majani ya mgomba.

"Kijana," Mugo akasema, "hiyo mbuzi ilikufa asubuhi na bado inakupiga? Ama tungekuletea kuku, kwa vile huko kwenu Bungoma ndiye nyama ya sherehe?"

Hema lote likacheka, hata upande wa Samuel. Nyawira akainamisha kichwa. Kanini alikuwa ameuona ule mkono na anajua visu: kijana alikuwa ameshika sawasawa. Angenyamaza, kisu chake kingebaki na heshima yake, na aibu ingemwendea mvulana wa watu ambaye alikuwa akijitahidi.

Akasimama. Nyanya wa bibi harusi hasimami wakati huo, kwa hivyo vichwa vyote vikamgeukia.

"Kijana hana kosa. Mpini ndio mbaya, na huo mpini niliuagiza mimi." Akaingiza mkono kwenye kiondo, akamnyooshea kile cha pete. "Zungusha hiyo shingo kwanza. Halafu wacha mfupa wa mbuzi, tafuta kiungo, pale panapocheza."

"Sawa, cucu."

Samuel akapapasa, akapaona, akapitisha makali. Kiande kikaachana na mwili kama kilikuwa kimengoja. Akakikabidhi kwa Nyawira, na akina mama wakapiga vigelegele vya ngemi mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Mugo akakichungulia kile kisu. "Si hicho ni cha kukatia nailoni?"

"Ndicho. Leo kimekata na maneno yako."

Wiki iliyofuata aliweka visu vyote viwili mbele ya Abdihakim. Yule fundi ana adabu: ile mistari hakuitaja, akachukua cha pete akakizungusha shingo.

"Niwekee pete kama hii," Kanini akamwambia. "Mpini uwe wa mti wa mutamaiyu, na usiupake kitu. Lakini bapa liwe lako, kwa maana kiwanda hakijui chuma kama wewe."

"Sasa mama, unataka ya kiwanda ama ya mkono?"

"Nataka yangu."

Hicho kipya ndicho anachochanjia miche leo, na kile cha nyapara amekirudisha kabatini, rafu ya juu kabisa. Cha mfupa wa ngamia kiko chini yake, kinang'aa vilevile. Mugo akija kunywa chai humwonyesha hicho kwanza, na kabla hajafungua mdomo humwambia, "Hiki ni cha kuangalia."