Majlis Niliyoiandika Darasa

Mimi ni mtu mzima, nimesoma mpaka chuo kikuu, shahada yangu imetundikwa ukutani kwa fremu, na bado kuna mama mmoja hapa Maskati ambaye nikimwona dukani huliacha toroli langu palepale, na maziwa ndani yake, nikatoka kwa mlango wa pili. Hanidai, wala sijawahi kumtukana. Alikaa tu kwenye majlis yangu, chumba cha kupokelea wageni, alasiri moja akanisikiliza nikisema uongo kwa lugha mbili, na uongo wa lugha ya pili ndio unaonifanya mpaka leo nikumbuke nikiwa peke yangu nikaona haya kama vile chumba kimejaa watu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tumeshahamia Bawshar, katika nyumba niliyoijenga kwa mkopo na majivuno. Binti yangu Rayya alikuwa na miaka kumi na mbili na alikuwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu unaomshika mtoto kwenye mifupa, leo mguu, kesho mgongo, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mwaka ule alilala hospitali siku nyingi kuliko alizokaa darasani, na skuli wakatwambia, kwa upole kabisa, kwamba hawawezi kumpandisha darasa mtoto wasiyemwona. Mke wangu Zuwena (yeye hana shahada ukutani, ana kichwa) akaenda wizarani siku tatu mfululizo, akakaa kwenye viti vyao mpaka wakamzoea, akarudi na habari kwamba serikali ina ufadhili kwa watoto wa namna hii. Mtoto akisomea nyumbani, hutolewa fedha za mwalimu, vitabu na vifaa, kwa sharti kwamba mkaguzi atakuja kuona mtoto anasomaje na fedha zimefanya nini. Bila ya ufadhili ule tusingeweza kumlipa mwalimu hata mwezi mmoja, na Rayya angebaki kitandani akihesabu mizunguko ya pangaboi.

Fomu nikajaza mimi, kwa sababu mimi ndiye msomi.

Nikaandika mwalimu, nikaandika vitabu, nikaandika kompyuta, halafu nikafika kwenye mstari uliosema samani za chumba cha darasa, na hapo shetani akavuta kiti akakaa. Majlis yangu ilikuwa tupu. Nyumba mpya, mlango wa mbele una nakshi, mgeni anavua viatu, anaingia, anakalishwa juu ya magodoro ya zamani yenye maua yaliyofifia. Kwa watu wetu hiyo ni sawa na kumpokea mgeni umevaa kikoi kilichotatuka. Nikajiambia (nilikuwa hodari sana wa kujiambia mambo) kwamba majlis nayo ni chumba, na chumba akiingia mtoto na kitabu ni darasa. Nikaandika: matandiko na mito ya kukalia. Zuwena akaniuliza kama Rayya atasomea majlis, nikamjibu akitaka. Hakuna aliyemuuliza Rayya kama anataka. Fundi wa Wadi Kabir akanishonea mahameli rangi ya komamanga yenye uzi wa dhahabu, kuta tatu kamili, na mtoto akaendelea kusomea juu ya kitanda chake, mgongo umeegemea mto wa hospitali.

Miezi ikapita. Ikaja posa. Salma, binti wa marehemu kaka yangu, mimi ndiye walii wake wa kumwozesha, alikuwa anaposwa na Said, mtoto wa Mzee Khalfan, ambaye ni mjomba wa mke wangu na ana gereji Wadi Kabir. Tukapanga waje Jumatano baada ya alasiri. Jumatano hiyohiyo adhuhuri simu ikalia ofisini kwangu, sauti ya mwanamke, Kiarabu safi cha msoma habari, akasema yeye ni mkaguzi wa ufadhili, jina lake Khaula, yuko pande za Bawshar na angependa kupita kwetu alasiri. Kama leo haiwezekani, akasema, faili litarudi kwenye foleni na fedha zitasimama mpaka zamu yetu ifike tena, huenda baada ya miezi. Ningesema nna wageni, mama, njoo hata saa mbili kabla yao. Nikasema karibu sana, darasa litakuwa linaendelea.

Mkaguzi alifika wageni wa posa wakiwa ndio kwanza wamekaa. Wazee sita, kanzu zimepigwa pasi, vilemba vimekaa sawa, udi unafuka, na huyo mama anaingia na mkoba wa ngozi na miwani, anatoa salamu, anakaa karibu na mlango, anafungua daftari. Nikamtazama kwa makini. Jina la ukoo la watu wa milimani ndani kabisa, Kiarabu kile, nikakata shauri: huyu Kiswahili hakijui. (Haya ndiyo maradhi ya watu wetu hapa, sisi tuliokuja Oman na Kiswahili chetu. Tunakichukulia Kiswahili kama chumba cha ndani, tunaingia, tunafunga mlango, tunasema tutakalo, na hatuangalii nani alikuwa ameshakaa humo.) Basi mbele yake, huku nikitabasamu kama namkaribisha, nikawageukia wazee.

"Wazee wangu, bibi huyu katoka serikalini na Kiswahili hakijui. Kwa saa moja hii nyinyi nyote ni walimu wa Rayya. Atakachouliza, kubalini, nitakuelezeni baadaye."

"Mwalimu wa nini?" akauliza Mzee Khalfan. "Mimi skuli nilitoka dirishani."

"Jografia, mjomba."

"Basi nipe mji mkuu wowote mapema, nisije nikaumbuka."

Wenzake wakacheka ndani ya vilemba. Ami Nassor, ndugu wa baba yangu, ambaye masikio yake yalikuwa yameshaanza kustaafu, nikampa hesabu. Akasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara kwamba yeye kaja kula halua na kusikiliza mahari, hesabu itakuja yenyewe. Yule mama akaandika kitu kwenye daftari. Nikamwambia kwa Kiarabu kwamba mwalimu wa hesabu anasema mtoto anaendelea vizuri.

Akamgeukia Mzee Khalfan, akamuuliza wiki hii amemfundisha nini mtoto. Mzee Khalfan akajibu milima. Milima ipi? Mzee akafikiri, akatazama dari, akasema yote. Yule mama akaandika na hilo, bila hata nyusi kusogea, nami nikajipongeza moyoni kwamba mambo yanakwenda.

Akaomba kumwona mwanafunzi.

Rayya alikuwa ametoka hospitali siku mbili nyuma. Aliingia polepole, shungi la bluu, mkono ukipapasa ukuta, akatoa salamu, akakaa kwenye ncha ya godoro la mahameli kama mtu aliyekwenda nyumba ya watu. Mama yule akamuuliza siku hizi anasoma nini. Biolojia, akasema Rayya. Akaambiwa awaeleze walimu wake. Rayya akatazama nyuso za wale wazee, akanitazama mimi, na nadhani palepale alishaelewa yote. Akauliza tu, kwa Kiswahili, kama anaweza kusema Kiswahili, kwa sababu babu Nassor alikuja Oman mtu mzima na Kiarabu kinamchosha. Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali. (Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza alielewaje ombi. Nilidhani anakubali kwa huruma tu.)

Rayya akaivuta sinia ya kahawa, akachukua finjani nne safi, akazifunika kifudifudi, mbili kushoto mbili kulia. Chini ya moja ya kila upande akaficha kokwa ya tende. Akasema hizi za kushoto ni damu ya baba, hizi za kulia ni damu ya mama, kokwa ndiyo maradhi, na kila mzazi humpa mtoto finjani moja, hachagui, wala hajui anampa ipi. Akazizungusha. Akamwomba Mzee Khalfan achague ya baba na Ami Nassor achague ya mama.

Wakafunua. Tupu zote mbili. "Huyu mzima," akasema Rayya.

Akazizungusha tena. Mzee Khalfan akapata kokwa, Ami Nassor akapata tupu. "Huyu mzima, lakini amebeba. Kama baba. Kama mama. Haumwi, ila anayo ya kumpa mtoto wake."

Mara ya tatu wakafunua pamoja na kokwa zikawa mbili, zimelala juu ya sinia ya shaba. Rayya akazitazama kidogo.

"Huyu ni mimi," akasema.

Sijui niwaelezeeni vipi. Nimekaa katika kumbi za maprofesa, nimesikia watu wakipigiwa makofi kwa kusema mambo ambayo hata wao hawakuyaelewa, na sijapata kuona watu sita wazima wakimsikiliza mtu vile. Mtu mmoja alikuwa ameshika kipande cha halua njiani kuelekea mdomoni, kikabaki njiani. Mimi vijitabu vya hospitali nilivisoma vyote, nikapiga mistari kwa kalamu nyekundu, na sikuwahi kuelewa kitu ambacho mtoto huyu alikiweka juu ya sinia kwa vikombe vya kahawa. Nilihisi kama nimekaa mbele ya mtu mkubwa kuliko mimi, na mtu huyo nilimnunulia viatu wiki iliyopita.

Mzee Khalfan akauliza, taratibu, kama ni lazima kokwa itoke pande zote mbili.

"Lazima, babu. Upande mmoja hautoshi."

Hapo mzee akanigeukia. Kwa miaka kumi na mbili mimi nilimwambia kila mtu aliyenisikiliza, na yeye mwenyewe nilimwambia harusini na msibani, kwamba maradhi haya yametoka kwa watu wa mke wangu. Nyuma ya mlango wa ndani nikasikia Zuwena akikohoa, kikohozi kimoja kifupi, cha mtu asiye na mafua. Mzee Khalfan alinitazama kama anavyoitazama gari ambayo mwenyewe anaapa haijagongwa.

Na Rayya hakuwa amemaliza. Akasema kwa adabu, macho chini, kwamba damu ya babake na damu ya watu wa babu Khalfan zimeshakutana mara moja, kwa hiyo Salma na Said wapimwe kwanza. Mtoto wa miaka kumi na mbili, katikati ya posa, mbele ya wazee. Siku nyingine angetolewa nje. Ami Nassor akaweka mkono nyuma ya sikio, akaushusha.

"Nimesikia," akasema. "Hili nimelisikia."

Ndipo mkaguzi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shela, akaivaa tena, na akasema kwa Kiswahili cha bara, kilichonyooka, kisicho hata na vumbi:

"Mwanangu, nani amekufundisha hivi?"

Sikuzimia, ingawa nilijaribu. Rayya akamjibu kwamba mwalimu wake alimletea kitabu, na habari ya finjani aliiwaza mwenyewe hospitali, usingizi ukimkataa. Mama yule akauliza:

"Na huwa unasomea wapi?"

Rayya akanitazama. Nikaona anatafuta njia ya kunipitisha salama, na njia haipo.

"Chumbani kwangu, kitandani. Hapa ni majlis ya baba. Mito hii nimeikalia leo kwa mara ya kwanza." Akaipapasa mahameli kwa kiganja. "Laini."

Mzee Khalfan akakohoa. Akasema kwa upande wake yeye anajiuzulu jografia kuanzia sasa.

"Usijiuzulu, mzee," akasema mkaguzi. "Mimi nimezaliwa Tabora. Ukikwama kwenye milima nitakusaidia." Wazee wakacheka mpaka vilemba vikakaa upande, wote isipokuwa mimi, niliyekuwa nikihesabu ni maneno mangapi niliyoyasema tangu aingie.

Akaomba kuonyeshwa chumba. Zuwena akampeleka, nami nikafuata nyuma kama mtuhumiwa. Vitabu vilikuwa vimepangwa juu ya katoni la dawa. Kwenye mlango wa kabati kulikuwa na mchoro wa mishipa ya damu ambao Rayya aliuchora kwa penseli za rangi, mkubwa kama yeye, na pale damu inapoziba aliandika tarehe za kulazwa kwake. Mama yule alisimama mbele ya mchoro ule muda mrefu. Nami nilisimama nyuma yake, katika chumba cha nyumba yangu mwenyewe, nikiusoma kwa mara ya kwanza.

Tuliporudi majlis alitoa hukumu yake bila kupandisha sauti. Ufadhili utaendelea, na ataomba uongezwe mwaka mwingine. Gharama ya mito itakatwa kwenye mshahara wangu. Na kuanzia siku ile fedha za Rayya zitatoka kwa jina la mama yake. Nikatia saini mbele ya wakwe watarajiwa. Kalamu yangu ilikataa kuandika, ikabidi Mzee Khalfan aniazime yake.

Fatiha ya kufunga posa haikusomwa siku ile. Jumamosi vijana walikwenda kupimwa, mmoja akakutwa amebeba, mwenziwe hakubeba, na harusi ikawa. Zuwena kwa fedha za kwanza zilizotoka kwa jina lake alinunua meza yenye magurudumu inayopita juu ya kitanda. Mimi niliapa mambo mawili na nimeyashika: fomu ya serikali siijazi, nikiletewa nasema miwani yangu imepotea, na Kiswahili sikisemi mbele ya mtu nisiyetaka akisikie, hata awe Mchina.

Mwisho wa mwaka ule wa masomo Rayya alifanya mtihani palepale chumbani kwake, na msimamizi aliyeletwa alikuwa Bi Khaula. Akaniambia kwamba kanuni haziruhusu mzazi kuwa ndani ya nyumba. (Zuwena aliruhusiwa, kwa ajili ya dawa. Sikuuliza.) Nilikaa nje ndani ya gari saa tatu nzima, injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi, kanzu imenyooka, mikono juu ya magoti, na mlango ulipofunguliwa nilishuka haraka nikasimama wima, kama mtoto wa skuli aliyesikia jina lake linaitwa.