Penseli ya Sita

Watu hukusanya stempu, wengine vifungo vya makoti. Mimi nilikusanya penseli za kuzungusha, zile zinazotoa risasi ukizungusha vichwa vyake, tena si za kila namna. Nilitaka zile zilizotengenezwa kukaa kwenye visanduku vya wapima ardhi, pamoja na rula ya hesabu yenye ulimi unaoteleza katikati. Wazungu waliopima Mbozi walipohama waliziacha kwa baba, aliyekuwa mshika mnyororo wao wa kupimia, na baba aliniletea mimi. Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza shule ya misheni na nilijiona mtu wa maana sana. Kila Jumapili baada ya ibada nilizimwaga kitandani kutoka kwenye kopo la kakao, nikazipangusa moja moja. Mama alisema wanawake wa umri wangu hupangusa watoto.

Nilikuwa nazo nne. Niliyoitamani hasa ilikuwa ya baba mwenyewe, nyembamba, ya shaba ya manjano, iliyokuja na kisanduku cha dira yake. Kila nilipomwomba alijibu, "Hii imezoea mkono wangu, mama. Subiri nife."

Ndipo binamu yangu alipokuja Tunduma kutoka migodini, ng'ambo ya mpaka, na penseli mbili zinazofanana kabisa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Tarakimu zilichongwa mwilini mwote, na juu yake palikuwa na pete. Ukiisogeza pete unazidisha na kugawanya bila karatasi. Zilimeta. Nilimpa shuka jipya nililolidarizi mwenyewe, nikazichukua zote mbili.

"Ni fedha tupu, mukwai," alisema, akiniita bibie kwa lugha ya kule migodini.

Moja niliiweka koponi. Ya pili nikampelekea baba, nikamwambia tubadilishane. Aliigeuza geuza, akaipima kiganjani. "Si chuma?" aliuliza. Baba alikuwa mtu wa kuvua mkanda na kuweka panga mbali kabla hajagusa dira, maana mshale wa dira hukimbilia chuma. Nilijibu bila kumeza mate, "Ni fedha." Sikujua kama ni fedha. Nilichojua ni kwamba naitaka ile ya shaba, na jioni ile ilikuwa yangu. Ya sita.

Wiki mbili baadaye shangazi yangu wa Iyula, dada yake baba, alimwita. Alikuwa mjane, na shemeji yake alikuwa akiusogeza mpaka wa shamba lake kila msimu, leo hatua moja, kesho mbili. Karatasi ya zamani ya shamba ilikuwepo: kutoka jiwe la mtoni, nyuzi kadhaa za dira, moja kwa moja hadi kilimani. Shangazi na shemeji walikubaliana mbele ya wazee wa kanisa kwamba dira ya baba ikisema, basi. Shangazi alikubali akicheka. Alikuwa na hakika na mpaka wake, na tena mpimaji ni kaka yake.

Baba alivua mkanda. Akashika dira kwa mkono wa kushoto na penseli katikati ya vidole vya mkono uleule, kama alivyofanya maisha yake yote ili mkono wa kulia ubaki na kazi ya kuashiria vijiti vichomekwe wapi. Mstari ulinyooka vizuri sana. Safu tatu za kahawa ya shangazi, miti aliyoipanda na marehemu mumewe, zikaangukia upande wa shemeji.

"Pima tena, kaka," shangazi alisema.

Akapima tena. Palepale.

"Mimi siwezi kuipendelea damu yangu," baba alisema mbele ya wote. Shangazi alituacha tumesimama shambani, akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata nilimwaga penseli zangu kitandani kama kawaida. Nilitaka kuiona ile ya shaba ikiwa kwenye kisanduku chake, basi nikaazima dira ya baba. Nikaifungua. Nikasogeza penseli ya tarakimu karibu ili nizilinganishe.

Mshale ukageuka.

Nikaiondoa, ukarudi. Nikairudisha, ukaifuata kama kifaranga. Nilimwita baba. Alitazama mara moja tu, akachomoa ya kwake mfukoni, akaisogeza, mshale ukaja. Nilitegemea anipige. Alichukua kofia, akasema, "Twende."

Tulitembea hadi Iyula. Njiani nilijifariji kwamba vijiti ni vijiti tu, vitang'olewa na kuchomekwa upya. Tulipokaribia tukasikia jembe.

Shangazi alikuwa ndani ya zile safu tatu, nguo ya kanisani ameifunga kiunoni. Kahawa ikikatwa huchipua. Yeye alijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana hakukata. Alikuwa anang'oa. Miti ilikuwa imelala chini yote, mizizi juu, na buni mbichi bado imeshikilia matawi.

"Hatakula jasho la mume wangu," alisema bila kugeuka.

Baba alipiga magoti, akaweka dira juu ya ardhi, akaileta penseli, akaiondoa, akaileta tena. Shangazi aliutazama mshale.

"Kwa hiyo ilikuwa yangu," alisema.

"Ilikuwa yako, dada."

"Nani alikwambia si chuma?"

Nikasema, "Ni mimi, shangazi."

Nilingoja matusi. Alinipa jembe. "Chimba basi. Mashimo yaleyale."

Tulirudisha kila mti mahali pake, watu watatu, tukashindilia udongo kwa miguu. Shemeji alisimama mbali akitutazama, hakuthubutu kuja. Kufika Jumatano majani yalikuwa yamejikunja na kuwa meusi. Alhamisi nilipopita kumjulia hali, nilimkuta shangazi na ndoo, akiimwagilia ile miti.