Sanamu Isiyodanganya

Juzi gulioni Dutwa niliona mdoli anayefumba macho, roho ikaniuma upya. Nilipokuwa mtoto, marehemu baba alichonga sanamu za kuchezeshwa ngomani. Ile kubwa aliitia macho ya gololi, gololi zangu hizo, hata hakuniomba, na kope za bati zilizovutwa kwa spoku ya baiskeli.

Mama alikuwa ameondoka na lori la wanunuzi wapya wa pamba. Baba akanipakata mbele ya ile sanamu, ananuka gundi.

"Muulize huyu, ng'wanawane, mwanangu. Hadanganyi. Akifumba ni ndiyo."

"Mama atarudi?"

Kope zikashuka, ta!

"Umeona?"

Msimu mzima nilishinda barabarani nikikimbilia kila lori. Siku ile ya kuuliza nilitazama macho tu. Mkono wa baba ulikuwa nyuma ya kichwa cha sanamu, umeshika spoku.