Blanketi Juu ya Kwaya ya Mama

"Kwa nini tumefunikwa blanketi?"

Mama aliuliza hivyo huku ameshikilia hedifoni kwa mikono miwili, kana kwamba zingemponyoka. Nilikuwa nimemsikilizisha wimbo wa kwanza wa kwaya yake, wimbo niliouhangaikia tangu asubuhi. Mimi niliusikia wazi kabisa. Nikamuuliza blanketi liko wapi: kwenye besi, kwenye kinanda, kwenye sauti ya kwanza?

"Juu ya wote. Wanaimba, ila maneno hayana meno."

Nilikuwa nimerudi nyumbani Ipuli, mjini Tabora, na shahada yangu, nasubiri simu za watu walionifanyia usaili. Simu hazikuja. Nilikuwa natembea kutoka chumbani hadi barazani, barazani hadi getini, nikirudi naangalia simu tena. Tabora ni mji uliozoea watu wanaopita. Misafara ya zamani ilitua hapa, ikanunua chakula, ikaendelea Ujiji au ikarudi pwani. Wakati ule niliwaonea wivu hata wapagazi. Najua ni upuuzi, maana walikuwa na mizigo mabegani, lakini angalau walikuwa wanaondoka.

Mama alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la Moravian tangu kabla sijazaliwa. Nyimbo zilirekodiwa kanisani, chini ya mabati, na kijana mmoja mwenye maikrofoni zake ambaye baadaye alikimbilia Dar akatuachia mafaili mabichi. Kwaya ilikuwa imealikwa kwenye sherehe ya usharika mmoja kule Ipole, na walitaka kwenda na CD za kuuza. Nilimwambia Mama kwamba siku hizi hakuna anayenunua CD, tuwawekee watu kwenye flashi.

"Flashi inapotelea kwenye pindo la dera," akasema. "CD mtu anaiweka kabatini, mgeni akija anaiona."

Na kweli, wazee wengi wa usharika bado walikuwa na redio zenye mlango wa CD. Basi kazi ya mwisho ikaniangukia mimi, ile ambayo vijana wa studio huiita masta: kuzipa nyimbo zote nguvu moja, kung'arisha panapohitaji kung'arishwa, kupanga kimya kati ya wimbo na wimbo, halafu kuzichoma kwenye CD.

Sheria ya kwaya ilikuwa kwamba hakuna kinachotoka bila mwalimu kukiridhia. Na tayari kulikuwa na waliosema kwamba mwalimu haridhiki tena na chochote, kwamba umefika wakati amkabidhi mwingine. Kama CD isingetoka kabla ya safari ya Ipole, wangekuwa na la kushikia. Mama alilijua hilo. Mimi pia.

Kwa hiyo nilitafuta programu. Nilisoma maoni ya watu mtandaoni, kila mmoja akiapa kwamba yake ndiyo bora, na nikawa najiuliza: wewe uliyeandika haya, una masikio gani? Umewahi kusikia kayamba ndani ya kanisa la bati? Ya kwanza ilikuwa ya bure. Ilikuwa nzuri, ila haikujua kuchoma. Ilitengeneza mafaili tu, na kuchoma nikatafute programu nyingine. Ya pili ilikuwa ya majaribio, na katikati ya kila wimbo ilipenyeza mlio wake kunikumbusha kwamba sijalipia. Ya tatu ilifanya kazi yote yenyewe huko mtandaoni. Ilikula bando langu lote, ikanirudishia kwaya ya Mama ikisikika kama tangazo la sabuni.

Kila mara nilimvisha Mama hedifoni. Kila mara alifumba macho, akasikiliza kwa heshima, akazivua.

"Blanketi."

"Lile lile?"

"Lile lile. Labda hili limefuliwa."

Niliitilia shaka kompyuta. Nikazitilia shaka hedifoni, nikaazima nyingine kwa jirani. Nikaitilia shaka kazi ya yule kijana, bati la kanisa, hata mvua iliyonyesha siku ile ya kurekodi. Chuoni walitufundisha kutokubali jambo kwa sababu limesemwa na mkubwa, na nilijivunia kwamba hakuna nililoliacha bila kulihoji.

Mwishowe nikapata programu ya nne, ya zamani, yenye sura mbaya kama fomu ya serikali. Ilikuwa na vitelezi vingi vya kupandisha na kushusha sauti, vilivyopangwa mstari, kuanzia sauti nene hadi nyembamba kabisa, na ilichoma CD yenyewe. Kompyuta yangu haikuwa na mlango wa CD, nikaazima kifaa cha kuchomeka kwa waya.

"Kwa hiyo unachomeka ili uchome," alisema mjomba, mdogo wake Mama, aliyekuwa amekuja kunywa chai. "Na moshi hamna."

Nilichoma CD mbili za majaribio. Ya kwanza niliisawazisha nilivyoona mimi inafaa. Ya pili nilifanya kwa hasira: vile vitelezi vya sauti nyembamba nilivipandisha karibu hadi juu. Nilitaka Mama asikie uchafu wa kuzidisha, ili tumalize ubishi.

Mjomba alikuwa na safari ya kufuata asali Ipole, na gari lake lilikuwa na redio ya CD. Tukaenda naye, mimi na Mama na mama mmoja anayeongoza sauti ya kwanza, jirani yetu, ambaye kwaya ilimtuma akasikilize kwa niaba yao. Tulipovuka Sikonge nikaweka CD ya kwanza.

"Bwana asifiwe," alisema jirani, akijipigia makofi magotini. "Kumbe sisi ni wazuri hivi! Mwalimu, hii si ya kuongezwa hata chumvi."

Mama alikuwa kiti cha mbele. Kisha akaugeukia uso wa jirani, kama alivyokuwa akifanya na kila mtu aliyezungumza naye. "Umesemaje?"

"Nasema ni nzuri, mwalimu!"

"Blanketi," alisema Mama.

Jirani akanitazama. Nikatoa CD, nikaweka ya pili. Sauti za "s" zikapiga vioo. Kayamba likawa kama changarawe ndani ya kopo. Mjomba akakunja uso mpaka jicho moja likafumba.

Mama akapiga dashibodi kwa kiganja. "Hapo! Hapo ndipo penyewe! Mnasikia? Meno yametoka!"

"Dada, hii inanitoboa sikio," alisema mjomba.

"Mwalimu," jirani akasema kwa upole wa mtu aliyejiandaa tangu nyumbani, "tukiuza hii, watu watasema tumerekodi ndani ya sufuria."

Wimbo ukaendelea kutukwaruza hadi Ipole. Mjomba alipoingia kwa mwenye asali na jirani akamfuata kuchagua, Mama na mimi tulibaki nje, tumeegemea gari, tunatazama msitu na mizinga ya magogo iliyoning'inizwa juu ya miti.

"Zamani nyenze wa hapa walikuwa hawakuachi hata uwaze," alisema Mama. "Sasa sikiliza. Wamekwisha."

Nilisikiliza. Wadudu wale walikuwepo mitini, wanalia kwa mbali na kwa karibu. Lakini yeye alikuwa akilinganisha na utoto wake, na mimi nilikuwa nimesoma habari za miti inayokatwa kukaushia tumbaku. Jibu lilikuwa tayari kichwani mwangu, tena la kisomi. Nikasema, "Ndiyo, Mama. Misitu imepungua."

Akaniuliza, "Wewe CD ipi unaipenda? Usinifiche."

"Ya kwanza."

"Na mjomba wako?"

"Hiyo hiyo."

"Basi chomeni hiyo yenu ya blanketi. Kwaya si ya kwangu peke yangu. Mimi nichomee yangu."

Nilimchomea moja. Niliiandika jina la kwaya kwa maka peni kama zile nyingine, nikaongeza neno "Mama" pembeni. Zile nyingine tulizipeleka Ipole siku ya sherehe, zikachukuliwa zote, na watu wakaja kumshika Mama mkono. Aliwashukuru. CD ilipopigwa kwenye spika za kanisa aliniinamia akasema spika zao ni mbovu.

Kabla mwaka haujaisha aliacha kufundisha. Hakufukuzwa na mtu. Aliwasimamisha katikati ya mazoezi akawaambia wanaimba kwa kunong'ona, wanatafuna maneno, na yeye hana nguvu tena za kugombana na watu wasiofungua midomo. Akamkabidhi jirani yetu fimbo ya kuongozea, akarudi nyumbani na kuanza kupepeta mchele. Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema wamebadilika wao, si yeye. Nikamwamini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nikiona kila kitu Tabora kinachakaa, na nilikuwa nimeshapata simu yangu ya kazi, nguo zangu zikiwa begini.

Miaka baadaye alikuja kukaa nami, nikampeleka hospitali kwa sababu alikuwa anajibu maswali ambayo hayakuulizwa. Walimvisha hedifoni, wakamwambia akisikia mlio anyooshe mkono. Kwenye milio minene alinyoosha upesi, kama mtoto anayejua jibu darasani. Kisha mkono ukatulia mapajani. Nilidhani kipimo kimekwisha. Halafu nikausikia mlio ukivuja kutoka kwenye hedifoni zake hadi kwangu pale mlangoni, mwembamba, mkali, kama nyenze, ukazidi kupanda, na Mama akiwa ametulia anamtazama nesi mdomoni, akisubiri waanze tena. Daktari alisema sauti nyembamba ndizo huondoka kwanza, polepole, bila mwenyewe kujua, na kwamba za Mama zilikuwa zimeanza kuondoka zamani, huenda kabla hatujarekodi hata wimbo mmoja.