Kichwa Changu na Wageni wa Mkolani

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka vizuri sana, na ukitaka kunicheka kwa neno hilo cheka tu, maana mimi ni mtu niliyewahi kusahau hata jina la bibi yako Kabula, naye ni dada yangu wa tumbo moja. Siku hiyo uani kwetu, hapa hapa Mkolani, palijaa watu waliokuja kunijulia hali. Waliniuliza mmoja mmoja naendeleaje, nami nikawajibu wote kwamba sijambo.

Nimeikumbuka leo kwa sababu yako. Umeingia, umeniamkia vizuri, nikakuuliza habari za kichwa tangu ulipogongana na yule beki uwanjani Butimba ukazimia. Ukanijibu, "Poa tu, babu," huku umeupa mlango mgongo ili jua lisikuingie machoni. Halafu ukaniambia kwamba Jumamosi unacheza. Basi keti. Chai haijachemka bado, na katika nyumba hii anayemkatiza mzee maneno hapati andazi.

Ujana wangu ulikuwa wa baiskeli. Sisi Wasukuma kwa mbio za baiskeli hatuna aibu, tunaacha hata pamba bila kupalilia. Enzi hizo daraja la Busisi hakuna aliyeliota. Watu walivuka ziwa kwa kivuko, na mbio zetu zilianzia pale kivukoni Kigongo hadi mjini. Baiskeli zilikuwa za chuma, nzito, na kofia ngumu hatukuwa nazo. Mimi nilijifunga kichwani kitambaa chekundu cha shangazi yangu Minza, ili wasichana wanijue kwa mbali. Kwenye mteremko wa kuingia Butimba mbuzi akakatiza barabara. Habari za mbuzi niliambiwa baadaye, kwa maana mimi mwenyewe hadi leo simkumbuki.

Nilizinduka hospitalini, siku kadhaa zimepita, mama analia miguuni pangu. Daktari alikuwa mtu mpole. Siku ya kunitoa alitueleza kwamba fuvu limepata ufa na ubongo umetikisika, kwa hiyo nipumzike, na baiskeli nisiiguse mpaka aseme yeye. Akamwambia shangazi, "Akianguka tena kabla hajapona, mnaweza kumkosa kabisa." Kisha akanigeukia. Kichwa kikiuma, nikisikia kichefuchefu, nikisahau kitu, lolote lile, niseme.

Nikarudi nyumbani, na wageni wakaanza kumiminika. Unatujua tulivyo. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, na Msukuma hafiki akauliza jambo moja kwa moja. Anakuuliza kwanza "Mhola?", yaani ni salama? Unamwitikia "Mhola." Nyumbani mhola? Mhola. Ng'ombe mhola? Mhola. Na mwili, mhola? Mhola tu. Hata mtu aliyefiwa huitikia kwanza kwamba ni salama, ndipo aseme lililomkuta. Ni adabu nzuri na wala siibezi. Lakini wageni wangu wengi wakishaitikiwa walifurahi, wakamshukuru Mungu, wakaaga. Nami nilikuwa kijana niliyelelewa vizuri. Nani angemkatiza mzee katikati ya salamu amwambie kwamba ardhi inayumba?

Ilikuwa inayumba kweli. Nilitembea nimeshika ukuta, na mtu akiuliza nilisema naangalia kama mchwa wamerudi. Mwanga wa mchana ulinichoma macho. Sahani zikigongana jikoni nilitaka kupiga kelele, na siku moja nilipiga, nikamrushia bibi yako bakuli la mlenda. Aliokota vipande kimoja kimoja. Nilijiogopa, mwanangu. Niliona kama kuna mtu mwingine ameingia mwilini mwangu.

Basi siku ile ya wageni akaja Mwalimu Sospeta, aliyekuwa akitufundisha mbio. Alikuja anaikokota baiskeli yangu. Alikuwa ameinyoosha gurudumu, ameifunga pedali mpya, ameing'arisha hadi inawaka. Mashindano ya mavuno yalikuwa yamekaribia, na timu bila mimi ilikuwa na vijana wawili na mlevi mmoja.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba, Masanja. Mhola?"

"Mhola."

"Kichwa nacho?"

"Mhola tu, mwalimu."

"Umepona?"

"Nimepona kabisa."

Watu wakapiga vigelegele. Nilifurahi, na hofu nikaimeza. Nikanyoosha mkono nishike usukani. Wakati huohuo dada yangu akaniletea maji ya kunywa, nikamtazama usoni, nikatafuta tena jina lake, sikulipata kama jana yake. Nikasema, "Asante, dada," nikadhani nimekwepa.

Shangazi Minza alikuwa amekaa pembeni anamenya karanga. Hakuwa mtu wa kelele. Akaweka ungo chini, akasema, "Mwalimu, umemsalimia. Bado hujamuuliza."

Akanigeukia mimi. "Masanja, mwanangu, salamu zimekwisha. Umeitikia vizuri, hujamkosea mtu adabu. Sasa niambie. Huyu aliyekupa maji anaitwa nani?"

Nilijaribu, nakuapia. Kikombe kikainama mkononi, maji yakanimwagikia magotini, nikalia mbele ya wazee na wasichana wote. Nikasema yote, la mwanga, la ardhi, la usingizi usiokuja, na kwamba siku mbili nzima nilikuwa simjui kwa jina dada niliyekula naye sahani moja tangu utotoni.

Bibi yako akapiga magoti, akaniondolea kikombe. "Mimi ni Kabula," akasema. "Ukisahau tena utaniuliza tena. Kwani nitachoka?"

Mwalimu Sospeta alivua kofia. Alikuwa na machozi yeye pia, ingawa baadaye alisingizia moshi. "Ningempandisha," alisema taratibu. "Mama Minza, mimi ningempandisha huyu mtoto." Akaikokota baiskeli akairudisha kwake, na kesho yake alikwenda nami hospitalini.

Kuanzia hapo shangazi aliweka utaratibu. Asubuhi tulisalimiana kama watu, mhola kwa mhola, halafu anasema, "Tumemaliza. Sasa niambie." Nami namwambia. Siku nyingine nilikuwa na mengi, siku nyingine nilimwambia nina hasira tu na sijui ya nini, naye ananipa choroko nichambue kivulini, kidogo kidogo. Mavuno yale yalipita na yaliyofuata yakapita. Majina yalirudi, la Kabula likiwa la kwanza. Mbioni sikurudi. Daktari alikataa, na iliniuma sana, sitakuficha. Kwa muda mrefu zikipita barabarani nilijifungia ndani. Lakini baiskeli ya kwenda shamba nilikuja kuipanda, nikafungua banda la kuzitengeneza, nikaoa, nikazeeka, na leo nimekaa hapa nakunyima andazi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mtu akikuuliza habari, mjibu nzuri, hiyo ni heshima, usiiache. Lakini usiibebe salamu hiyo hadi kwa daktari, wala hadi kwa kocha wako, wala humu ndani kwangu. Kichwa hakivimbi kama goti watu wakakiona. Hakuna anayejua kilichomo isipokuwa wewe, na usiposema tutakupigia vigelegele huku tunakupeleka pabaya. Na wenzako wanaokwenda kumwona mgonjwa, waambie wakishamsalimia wasiondoke upesi. Wakae, wamuulize. Nawe daktari akikuambia urudi uwanjani, rudi, ucheze mpaka tukusikie huku Mkolani. Akikuambia usirudi, njoo ulie hapa, kwangu pana nafasi ya kulia.

Mungu akutunzie kichwa hicho, akurudishie usingizi wako na kicheko chako, akupe watu wa kukukumbusha majina bila kuchoka. Amina.

Shikamoo yako niliipokea tangu ulipoingia, na chai hiyo inachemka. Tumemaliza kusalimiana, mwanangu. Sasa niambie.