Ua la Korongoni na Dume la Mahari

Naona aibu kulisimulia hili, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa watu: mimi, mwalimu wa sayansi, ndiye niliyelisha sumu dume la mahari ya mpwa wangu Masatu.

Tulitoka Makoko asubuhi kupeleka mahari Butiama, ng'ombe wakiwa kwenye lori, na tulipokaribia kwa wakwe nikabanwa na haja ndogo, nikashuka kwenye korongo moja nyuma ya vichaka (huwezi kuliona mpaka ukaribie kutumbukia), na huko chini, kati ya miamba, nikakuta maua ya porini ambayo sikuwahi kuyaona: mekundu, yenye kingo za njano, petali zimejikunja kwenda juu kama ndimi za moto, na ncha za majani zimejisokota kwenye matawi ya jirani ili mmea upate kupanda. Sisi watu wa ziwani tunajua samaki, basi nikajiona mgunduzi. Nikachuma, nikasuka shada, nikalivisha dume kubwa shingoni.

Wakwe walipotoka kutupokea wakalikodolea macho shada. Nikadhani wamevutiwa, nikaanza somo.

"Angalieni jamani, petali zake ni sita..."

"Mwalimu," baba wa binti akanikatiza taratibu, "hilo tunalijuaga. Linauaga ng'ombe."

Kugeuka, dume la pembeni limeshatafuna nusu ya shada.

"Kumbe mmeleta mahari pamoja na msiba wake!" akasema shangazi wa binti, na watu wote wakacheka isipokuwa Masatu.

Baba wa binti hakucheka sana. "Tunasubiri licheue, ndipo tujue ni zima. Lisipocheua, hatujapokea kitu. Mtarudi, na binti atabaki."

Basi koo mbili nzima zikakaa kando ya zizi kutazama mdomo wa ng'ombe, wali unapoa, mimi nimechuchumaa mbele kabisa (nilijiweka zamu mwenyewe, nani angenionea huruma?), na dume limesimama tu, limeinamisha kichwa.

"Mwalimu, si ulifundishe kucheua?" mama mmoja akanichokoza.

Jua lilikuwa limeshainama dume liliposhusha pumzi, kitu kikapanda shingoni, taya likaenda kushoto, likarudi kulia. Vigelegele! Binti akatoka ndani bila kuitwa, na Masatu akalia mbele ya wakwe zake.

Maua yale ni mazuri kweli, mkipita huko shukeni mkayaone. Ila mimi sasa nikikuta ua nisilolijua, nawauliza kwanza wenye ng'ombe, ndipo nafundisha.