Shati la Mbunge wa Uingereza

Mwaka ule wa Kombe la Dunia, mtaa wetu wote wa Yeoville ulikuwa unataka bendera, na cherehani yangu ilikuwa haipoi. Lakini mimi akili yangu haikuwa kwenye mpira. Ilikuwa Uingereza, kwenye uchaguzi wa watu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa huko, akihudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa. Binti yake aliniachia mimi, tunakaa chumba kimoja mtaa wa Berea, tangu mtoto hajui kufunga kamba za viatu. Aliniita malume, kama watoto wa Kizulu wanavyowaita wajomba zao. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, anakujibu Kiingereza.

Viza yake ya kumfuata mama ilikataliwa. Mdogo wangu akaenda kulia kwa mbunge wa eneo lake, na yule mzungu, Mungu ampe maisha marefu, akalibeba jambo kama la mwanawe. Akaandika, akapiga simu, akafuatilia hadi faili likafunguliwa upya. Tukawa tunangoja jibu, ndipo uchaguzi ukaingia.

Kumbe Mtanzania anayeishi kule kihalali anapiga kura, kwa vile nchi yetu iliwahi kutawaliwa nao. Mdogo wangu hakuwahi kupiga kura popote, na ya kwanza ikamkalia kooni, kwa sababu chama cha mbunge huyohuyo kilikuwa kinaapa kupunguza wageni.

"Kaka, nifanyeje?" akaniuliza kwenye simu, nami nimeiweka spika, nakata kitambaa.

"Unauliza? Mpe kura yako! Mtu amekushikia faili la mtoto!"

"Yeye mwema. Lakini wenzake wakiingia wanafunga mlango."

"Kura anapewa mtu."

"Huku ukimpa mtu umekipa chama, kaka. Na nikikinyima chama, huyu akianguka, nani atalifuata faili la mwanangu?"

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia shukrani ya punda ni mateke, na kwamba mama yetu hakumlea hivyo. Msusi Mkongo tuliyekuwa tunachangia naye duka akadakia kutoka kwenye kiti chake: "Yaya, dada yangu, ule muntu alikusaidia, utamutupa namna gani?" Mdogo wangu akakata simu. Wiki nzima hakupiga.

Basi nikaona nisaidie kwa njia ninayoijua. Kwetu mtu akikutendea jambo humwendei mikono mitupu. Nikachukua kitenge kizuri cha bluu, nikakata kwa jicho kutoka kwenye picha ya mbunge aliyonitumia mdogo wangu, nikashona shati la heshima, nikampa msafiri wa kwenda huko amfikishie mdogo wangu. Nilidhani shati likishapokelewa, deni la wema limelipwa, na mdogo wangu atapiga kura roho yake ikiwa nyeupe.

Lo! Mdogo wangu alipolipeleka, mbunge aliruka kama ameonyeshwa nyoka. Hapana, mama, si wakati wa uchaguzi, watu watasema nini! Mdogo wangu akaona haya, akamwuliza waziwazi: sasa nikushukuru kwa kitu gani, kwa kura? Akamjibu kwamba kura ni yake mwenyewe, na faili la mtoto ni kazi yake, angelishika hata kwa mtu asiye na kura kabisa.

Aliponisimulia, niliuweka mkasi chini. Mimi nimetoka kwenye kampeni za pilau na kanga, ambako mgombea akikupa kilo ya mchele anakukumbusha mpaka uzeeni. Sikuwa nimewahi kusikia mtu akitenda wema halafu aukatae mshahara wake.

"Haya, mdogo wangu," nikasema. "Piga unavyoona. Na yale ya punda, nisamehe."

Akapiga kura dhidi ya chama cha mbunge. Alisema aliwafikiria kina mama wenzake wa kazini ambao watoto wao bado wako mbali. Mbunge akaanguka. Chama chake kikaingia serikalini, yeye akabaki nje. Nilikosa usingizi, nikiona faili letu limeanguka naye.

Viza ikatoka mwezi wa sita, vuvuzela zinalia mpaka madirisha ya Berea yanatetemeka. Mbunge alikuwa ameshafuatilia kila kitu kabla ya kura. Nilimbeba mtoto juu juu, tukapiga kelele na sisi, jirani akadhani kuna goli.

Mdogo wangu akalichukua lile shati lililokataliwa, akamkuta mzee wa watu ofisini anafunga makaratasi yake kwenye maboksi. Akashindwa kuvumilia, akamwambia, "Kura yangu sikukupa wewe."

Mzee akasema hilo halikuwa la kumwambia. Akauliza, "Binti anafika lini?" Kisha akanyoosha mkono: sasa si mgombea tena, shati analipokea. Akalivaa palepale juu ya shati lake. Kola ilimbana, haikufunga.

Nilipoambiwa nililia, na sioni aibu kusema. Nikashona jingine, kola pana, nikalikunja ndani ya begi la mtoto. Uwanja wa ndege nikamwambia, "Hili umpe mwenyewe, kwa mkono wako, na useme asante."

Akanishika shingo, na kwa mara ya kwanza akanijibu kwa lugha ya mama yake: "Nitampa, mjomba. Na wewe asante."